Tundu la kibodi limekufa kwenye kompyuta ya zamani? Fata umeme kwanza kabla hujaitupa

Haupiti mwezi sijaletewa kompyuta ya mezani ya zamani ambayo mwenyewe ashaambiwa "bodi imekufa hii, nunua nyengine", na ukimuuliza imekufaje anakwambia kibodi haiandiki. Basi. Mashine inawaka, Windows inakuja, feni inazunguka, pengine na mausi inakwenda vizuri kabisa, lakini kibodi haiandiki na mtu ashapigiwa hesabu ya kununua kompyuta nzima. Kitu hichi kinaniuma mana mashine hizi bado zinafanya kazi za watu hapa kwetu Pemba, zipo maskulini zinachapa mitihani, zipo steshenari, zipo kwenye maduka ya jumla na programu ya hesabu ya zamani ambayo haikubali kuhamia kwenye mashine mpya, na hilo tundu linalosemwa limekufa mara nyingi halijafa, limekosa umeme tu. Kwahiyo naandika namna ninavofanya mwenyewe mezani kwangu hapa Chake, na mtu mwenye bisibisi, multimita (kipimo cha umeme) ya bei ndogo na subira anaweza kuzifata hatua hizi nyumbani kwake.

Nnaposema tundu la kibodi nakusudia lile la mduara nyuma ya mashine, la zambarau, linaloitwa PS/2, na jirani yake la kijani ni la mausi. Jina hilo limetokana na kompyuta za IBM za mwaka 1987, Personal System/2, ndo zilizokuja nalo mwanzo. Kabla ya hapo kibodi zilikuwa na plagi nene ya pini 5, na hata hiyo ukiipata ukaitilia adapta inafanya kazi, ikiwa si ile ya zamani sana ya mashine za XT, mana lugha yao ni moja, kilichobadilika ni umbo la plagi. Mashine za kabla rangi hazijaja utakuta matundu yote mawili ni meusi, hapo tafuta kapicha kadogo ka kibodi kalikochorwa kwenye bati. Ndani ya tundu kuna vitundu 6 lakini vinavofanya kazi ni 4 tu, kimoja cha umeme wa voti 5, kimoja cha ardhi, kimoja cha data, na kimoja cha saa, yaani kile kinachopiga mapigo ili data ijue lini ipite. Viwili vilobaki kwa kawaida havina kitu. Vishike hivyo vinne kichwani mana kazi yote inazunguka hapo.

Sasa kabla hujagusa chochote. Tundu hili si kama USB. USB imetengenezwa uchomeke uchomoe utakavyo mashine ikiwa inawaka, PS/2 haikutengenezwa hivo, ukiichomoa na kuichomeka mashine ikiwa inawaka pini zinaweza kugusana vibaya wakati plagi inaingia upande na hapo fyuzi inaungua au, ikiwa bahati mbaya, chipu yenyewe inayoendesha kibodi. Na hata ikisalimika, kompyuta huwa inaitafuta kibodi ya PS/2 pale inapowaka tu, kwahiyo ukiichomeka katikati mara nyingi haitoiona mpaka uiwashe upya, na watu wengi wanadhani tundu limekufa kumbe mashine haijawashwa upya. Zima, chomeka, washa. Na nnaposema zima sikusudii kuzima kwa menyu peke yake, chomoa waya wa umeme ukutani kabisa, mana bodi nyingi zinaendelea kupeleka umeme mdogo kwenye tundu la kibodi hata mashine ikiwa imezimwa, ili mtu aweze kuiwasha kwa kubonyeza kibodi. Kuna taa ndogo ya kijani kwenye bodi nyengine itakuonesha kuwa umeme bado upo. Ngoja izimike.

Haya, tuanze na kitu ambacho hakitaki kifaa chochote. Washa mashine huku unatazama taa tatu za kibodi, ile ya Num Lock, Caps Lock na Scroll Lock. Kibodi nzima ikipata umeme inajipima wenyewe na taa zote tatu zinamulika mara moja kisha zinazimika, ni nukta tu, usipepese. Hiyo mimi ndo nnayoiamini kuliko kipimo chengine chochote cha mwanzo mana inaigawa kazi mara mbili. Taa zikimulika, umeme wa voti 5 unafika, na tatizo lako liko kwenye data, au bayosi (programu ya kwenye bodi inayoiamsha mashine kabla ya Windows), au Windows. Taa zisipomulika kabisa, umeme haufiki, na hapo usipoteze jioni yako kuhangaika na draiva, yaani programu ya Windows inayoendesha kifaa. Nimeona watu wamepiga Windows upya mara mbili mara tatu, mafaili ya watu yamepotea, kwa kibodi ambayo taa zake hazikuwaka hata siku moja.

Taa hazikumulika? Usikimbilie kufungua kava bado. Chomoa kibodi (mashine imezimwa, nimeshasema) uitazame plagi yake kwenye mwanga mzuri, au ipige picha na simu uikuze. Pini zile ni nyembamba sana na mtu akilazimisha upande usio sahihi moja inalala. Pini iliyolala inyanyue taratibu kwa kibano, unainyoosha polepole, usiirudishe kwa mkupuo itavunjika. Usiogope ukihesabu pini 4 au 5 badala ya 6, plagi nyingi zimetoka kiwandani hivo mana zile mbili hazina kazi. Hakikisha pia kibodi ipo kwenye zambarau na si kijani, mashine nyingi hazikubali kubadilishana, zipo chache zenye tundu moja tu lenye rangi mbili, nusu zambarau nusu kijani, hilo linakubali chochote kimoja.

Baada ya hapo tafuta kibodi nyengine ya mduara ambayo unaijua ni nzima, kwa jirani, skuli, popote, uipeleke kwenye mashine yako, na yako ipeleke kwenye mashine ya mtu. Lakini hii ya pili subiri kidogo mpaka usome habari ya maalim hapo chini, mana kibodi mbovu inaweza kuua fyuzi ya mashine nzima ya mwenzio na ukawa umeondoka na matatizo mawili. Na chengine, ile adapta ya zambarau inayogeuza plagi ya USB kuwa ya mduara siyo kipimo. Haina akili yoyote ndani, ni waya tu, inafanya kazi kwa kibodi zinazojua lugha zote mbili peke yake na kibodi nyingi za siku hizi zinajua USB tu, kwahiyo ikikataa haijakwambia lolote kuhusu tundu.

Kisha tazama mausi. Hichi ni kipimo kizuri na hakuna anaekitumia. Kwenye bodi nyingi tundu la zambarau na la kijani yanakula umeme kupitia fyuzi moja. Tia mausi ya PS/2 kwenye kijani uwashe. Ikiwa na yenyewe haina uhai, hata taa ya chini haiwaki kwa zile za mwanga, basi karibu uhakika umeme umekatika kabla ya matundu yote mawili, fyuzi au jampa, ile kofia ndogo ya kwenye bodi nitakayoieleza chini. Ikiwa mausi inakwenda na kibodi nzima unayoijua haiwaki taa, basi fyuzi siyo, tazama ndani ya tundu la zambarau lenyewe, au pale lilipolehemiwa kwenye bodi.

Ikiwa taa zinamulika lakini haiandiki

Huku nitapita haraka mana si kwenye shida kubwa. Washa mashine, uwe unabonyeza kitufe cha kuingilia bayosi, kwa nyingi ni Delete na nyengine ni F2, imeandikwa chini kwenye skrini ya mwanzo. Ukiingia na mishale inakwenda juu na chini, tundu zima, kibodi nzima, ugonjwa uko ndani ya Windows. Usipoingia, ugonjwa uko chini ya Windows na hakuna programu itakayoutibu. Ukiona maandishi ya "Keyboard error" angalia kwanza kama hakuna kitufe kilichokwama, kitabu kimelalia kibodi au soda imemwagika ikakauka, mana bodi inatoa ujumbe huohuo.

Kwa upande wa Windows, jambo rahisi kuliko yote ni Filter Keys. Mtu akikaa na kidole kwenye Shift ya kulia sekunde 8 linatokea swali, akabonyeza ndiyo bila kusoma, na tokea hapo kibodi inakataa vitufe unavyovigusa haraka, unahisi imekufa. Izime kwenye Control Panel kwa mausi. Hii utaitambua mana hata kibodi ya USB nayo itakataa. Ya pili, fungua Device Manager kwa mausi, tafuta kibodi, ukiona alama ya njano ya mshangao iondoe kwa kubonyeza kulia na Uninstall kisha uwashe mashine upya, Windows itaitia tena wenyewe. Ikirudi na njano ileile na nambari ya kosa ni 39, mara nyingi kuna antivirusi iliyoondolewa nusunusu ikaacha jina lake kwenye rejista (daftari la mipangilio ya Windows), kwenye sehemu ya kibodi panapoitwa UpperFilters, pale panatakiwa pabaki kbdclass peke yake, ukikuta jina jengine ambalo faili lake halipo tena lifute lile tu na kbdclass usiiguse, ukiifuta hiyo kibodi zote zitakufa pamoja na ya USB. Na ikiwa umekwama kwenye neno la siri la Windows 7 bila kibodi, kona ya chini kushoto kuna alama ya duara, ibonyeze utaletewa kibodi ya kwenye skrini utaandika kwa mausi.

Bayosi nayo inaweza kuchanganyikiwa hasa umeme ukiwa unakatika na kurudi. Chomoa ukutani, toa betri ya mduara ya CR2032 kwenye bodi, iache nje dakika kumi, irudishe. Betri hiyo ni ya voti 3, na ukiipima ukakuta 2 na kitu badilisha tu usiirudishe.

Ikiwa taa hazikumulika kabisa

Hapa ndo penyewe. Nikuelezee kwa mashine ya maalim mmoja alienijia mwaka huu kutoka upande wa Kaskazini, kaja nayo kwenye gari ya abiria ameifunga kwenye kanga ameipakata mapajani, ya skuli, ndani mna mitihani ya darasa zima. Kesha zunguka kwa fundi, kaambiwa bodi imekufa. Nikamuuliza, "Maalim, samahani, kabla haijakufa kuna mtu aliichomoa kibodi mashine ikiwa inawaka?" Akafikiri. "Walibadilisha vijana, ile ya zamani waya wake ulikuwa umeguguliwa guguliwa na panya, ikawa inaandika siku nyengine haiandiki, wakaja na nyengine." "Ikiwa inawaka?" "Ikiwa inawaka, fundi. Na hiyo mpya haikuandika hata herufi moja." "Na ya zamani iko wapi?" "Nimekuja nayo." Nikamshukuru sana kwa hilo, na wewe ukimpelekea fundi mashine mpelekee na kibodi yake mbovu, ndo shahidi.

Nikafungua kava. Huku kwetu ukifungua mashine iliyokaa karibu na bahari kitu cha kwanza utakachokiona ni ile rangi ya kijani nyeupe kwenye vyuma, chumvi ya hewa na unyevu wa masika vinakula pini kidogo kidogo. Kwahiyo kabla ya kupima chochote ninasafisha, mswaki laini na spiriti ile kali isiyo na maji mengi, ndani ya tundu na nyuma yake kwenye bodi, kisha naacha ikauke vizuri, siiwashi na unyevu. Kuna mashine zimepona hapo hapo, sisimizi walijenga ndani ya tundu wakaacha udongo, nikautoa ikaandika.

Ya maalim haikupona kwa mswaki. Nikaangalia jampa. Karibu na matundu ya nyuma bodi nyingi za zamani zina pini tatu zimesimama na kofia ndogo ya plastiki imevishwa juu ya mbili, pembeni pameandikwa KBPWR au JKB au herufi za kufanana na hizo. Kofia ile ndo inayochagua tundu la kibodi lipate umeme wa kawaida wa voti 5 au ule wa kusubiri ambao haukatiki mashine ikizimwa. Ikidondoka, au ikavishwa kwenye pini moja tu, tundu halipati umeme kabisa na hakuna kilichoharibika. Na pini zake zikishika kutu ni hivohivo. Itoe, futa pini, irudishe palepale ilipokuwa. Ikiwa haipo na hujui ikae wapi, tafuta ramani ndogo iliyochapwa kwenye bodi yenyewe, kwa bodi za ASUS nilizozishika ni pini 1 na 2 kwa umeme wa kawaida, lakini soma bodi yako, usiige ya mtu.

Jampa ya maalim ilikuwa nzima. Ikabaki fyuzi.

Fyuzi ya tundu la kibodi imekaa kwenye bodi yenyewe, sentimita chache kutoka tundu, na ni ndogo kama punje ya mchele, ya kijani au nyeusi au ya njano, pembeni pameandikwa F na nambari, F1, F2, au FS1. Watu wanaipita wakidhani ni kitu chengine. Kwenye bodi za zamani zaidi inafanana na rizista yenye miguu miwili. Chomoa mashine ukutani, tia multimita kwenye mlio, ncha moja upande huu wa fyuzi na nyengine upande wa pili. Nzima inalia na inasoma karibu na sifuri. Ya maalim nikagusa, kimya. Nikakwangua kidogo ncha zake kwa uhakika mana vanishi ya bodi inaweza kukuzuia, nikagusa tena, kimya. Maalim kasimama ananiangalia mkono, nikamwambia asikilize, nikagusa fyuzi ya jirani yake ya USB, ikalia pii. Nikarudi kwenye ile, kimya. Akasema, "Kwahiyo ndo hiyo tu?" Ndo hiyo tu, maalim.

Kuna aina mbili. Ipo inayoungua moja kwa moja, na ipo ile inayojirudi wenyewe, ikipitiwa na umeme mwingi inapata moto inaifunga njia, ukichomoa ukaiacha ipoe dakika kadhaa inafungua tena. Kwahiyo mashine ambayo kibodi ilikufa ghafla leo, ichomoe ukutani uende ukasali, ukirudi ndo uipime. Ikiwa imerudi usifurahi sana, kuna kitu kiliilazimisha kufunga na kitarudi tena.

Ndo mana kabla ya kubadilisha fyuzi lazima umtafute alieiua. Nilichukua ile kibodi ya zamani ya maalim nikapima pini na pini kwenye plagi, kila mbili. Kibodi nzima hakuna pini mbili zinazolia kwa kuendelea. Yake nikishika waya pale shingoni ulipoguguliwa na kuupinda, zinalia, nikiunyoosha zinanyamaza. Ndani, waya wa umeme na wa ardhi zilikuwa uchi zinagusana. Ile ndo iliyoua fyuzi, na kibodi mpya ya vijana haikuwa na kosa, imekuja nyumba ishakatwa umeme. Lau ningetia fyuzi mpya nikairudisha kibodi ile ningeiua tena siku hiyohiyo, na ukiipeleka kwa jirani kuijaribu utamuulia na ya kwake. Pima pia upande wa bodi, mashine imechomolewa, kati ya mguu wa fyuzi unaoelekea tundu na ardhi, yaani bati la kava. Ikilia mfululizo na kibodi haijachomekwa, kuna shoti kwenye bodi yenyewe, usitie fyuzi mpaka uione, pengine ni pini ya tundu iliyolala ndani ikagusa bati.

Sasa kuna jambo naomba nisikilizwe. Usitie uzi wa waya badala ya fyuzi. Najua inafanywa, najua inafanya kazi, unalehemu unyweleo mmoja wa shaba na kibodi inaandika na mteja anaondoka anacheka. Lakini siku waya wa kibodi ukigusana tena hakuna cha kukatika isipokuwa njia ya shaba kwenye bodi yenyewe, inaungua na kutoa moshi, na mashine yenyewe iko kwenye chumba cha skuli kimejaa karatasi. Fyuzi ipo pale kwa kazi. Ukikosa mpya hapa Chake, na mara nyingi utakosa, na ukiagiza Unguja unasubiri boti iingie Mkoani, basi chukua kwenye bodi iliyokufa kweli, kila fundi ana rundo la bodi mbovu nyuma ya duka, tafuta yenye maandishi yaleyale juu yake, ipime inalia, itoe kwa pasi ya kulehemu, uitie. Ya maalim nimeitoa kwenye bodi iliyolowa mvua miaka mingi nyuma, fyuzi zake zote zilikuwa nzima.

Wakati wa kulehemu tia flaksi (dawa ya kulehemia) kidogo, pasi isiwe kubwa ya kulehemia bati, gusa ncha moja kisha nyengine kwa haraka haraka mpaka fyuzi ielee, iondoe kwa kibano, usiivute kwa nguvu utang'oa na njia ya shaba. Ukiwa hujawahi kulehemu kwenye bodi usianzie kwenye mashine ya mtu, anzia kwenye ile bodi mbovu, toa rudisha toa rudisha mpaka mkono utulie.

Ikiwa fyuzi inalia, jampa nzima, na bado kimya, geuza bodi utazame chini ya tundu, pale miguu yake ilipolehemiwa. Mashine ambayo waya wa kibodi umevutwa vutwa miaka, watoto wanapita, meza inasogezwa, risasi inapasuka kwa duara jembamba kuizunguka pini. Kwa jicho huioni, kwa kamera ya simu iliyokuzwa unaiona. Pitisha pasi kwenye kila mguu na risasi mpya kidogo. Dakika tano.

Kupima voti ndani ya vitundu vyenyewe mashine ikiwa inawaka mimi napendelea niache mpaka mwisho, mana sindano ya multimita ikiteleza ikagusa bati umeiua fyuzi mwenyewe. Ukilazimika, weka multimita kwenye voti 20 za DC, ncha nyeusi kwenye skrubu ya kava, na nyekundu ifunge sindano nyembamba ya kushonea iliyovishwa mrija wa plastiki ibaki ncha tu. Tundu zima utapata vitundu vitatu vinasoma karibu na voti 5, wa umeme, wa data na wa saa, kwa sababu data na saa nazo zinavutwa juu zikiwa zimepumzika. Ukipata kimoja tu chenye 5 na kibodi nzima inawaka taa lakini haiandiki hata bayosi, basi njia ya data au ya saa imekatika au chipu imekwenda.

Na chipu ikienda, imekwenda. Inaitwa Super I/O, ile ya mraba yenye miguu mingi, utakuta imeandikwa Winbond au ITE au SMSC, ndiyo inayoendesha kibodi, mausi, diski laini na tundu la printa la zamani. Kuibadilisha kwa mashine ya namna hii hakulipi. Hata hapo usiitupe kompyuta. Tia kibodi ya USB, ila ingia kwanza kwenye bayosi (azima kibodi, au jaribu ya USB hiyohiyo) utafute panapoandikwa USB Keyboard Support au Legacy USB upawashe, bila hiyo itaandika ndani ya Windows tu na mwanzo itakuwa kimya. Kwenye bayosi za Award kuna pahala pa Halt On, weka "All, But Keyboard" ili mashine isisimame kila asubuhi ikilalamika haioni kibodi. Mashine ya zamani sana isiyo na USB kabisa unaweza kuipachikia kadi ya USB kwenye nafasi ya PCI, itakubali Windows ikishapanda na draiva ya kadi ikiwemo.

Ya maalim niliiwasha mbele yake na kibodi ile mpya ya vijana. Taa tatu, mara moja, zikazimika. Akafungua mtihani wa hesabati akaandika jina la skuli mwanzo mpaka mwisho. Kabla hajaifunga kwenye kanga nikapitisha waya wa kibodi kwenye tundu la skrubu nyuma ya kava nikaufunga kwa uzi, umebaki ulegevu wa vidole viwili, ili mtu akiuvuta auvute uzi na si tundu, na ile kibodi ya panya nikaikata plagi nikabaki nayo mwenyewe.